Herufi Moja

Thesaloniki, ghorofa ya tatu, lifti mbovu tangu Machi.
Mehrab amepanda ngazi peku, soksi mkononi,
maana viatu vimelowa na yeye kafundwa adabu:
hataki kuchafua zulia la ofisi,
zulia lenyewe madoa matupu ya kahawa
ya mawakili watatu walionitangulia.

Miaka kumi na minne, asema.
Karatasi ya mpakani yasema tarehe mosi Januari,
siku waliyozaliwa watoto wote wa daftari lile,
kana kwamba mama zao walikaa kikao wakakubaliana.

Una nani huko mbele?
Mkalimani anauliza, mtoto anajibu neno moja: khala.
Fomu ina kisanduku cha shangazi
na kisanduku cha "mwingineo".
Lakini huyu si shangazi, wala si mwingineo.
Huyu ni mama mdogo:
mama, ila alichelewa kuzaliwa.
Naliandika neno zima, herufi zinamwagika nje ya mstari.

Mahgul yuko Bremen, hufua mashuka ya hospitali zamu ya usiku.
Simuni hakuniuliza sheria.
Aliuliza: anakula?
Kisha: bado ana kovu la tanuri?
Nikaandika, kovu, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko,
ingawa sheria haikuomba kovu.
Sheria iliomba vyeti.

Majibu yalikuja mwezi wa Novemba, aya mbili na muhuri.
Babake mama wa mtoto ni Mohsin.
Babake mwombaji ni Muhsin.
Undugu haujathibitika.

O.
U.

Mzee mmoja, ndevu moja, kaburi moja kwenye mteremko wa Ghazni,
na makarani wawili waliosikia kwa masikio tofauti.

Tulipewa wiki tatu tuombe waangalie upya.
Nilikula mkate mezani, nililala mezani,
nilimpigia karani wa Ujerumani hadi akaijua sauti yangu
na kunisalimu kwa uchovu, kama jirani.
Katikati ya hayo kikaja kifurushi cha posta:
suruali ya bluu, saizi ya mtoto wa miaka tisa.
Ndivyo Mahgul alivyomwona mara ya mwisho.
Mehrab aliishika mbele ya mapaja, ikaishia magotini.
Hakucheka. Akaikunja mara nne,
na kule hosteli, msimamizi aliniambia,
akaifanya mto.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Hawakusema inapimwa wapi,
nani analipia kipimo,
wala bahasha inakaa siku ngapi forodhani.
Muuguzi alipitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu lake.
Mehrab akakitazama kinavyofungwa ndani ya kichupa:
"Kwa hiyo mate yangu yatafika kabla yangu?"
Ndiyo, nikasema. Yatakutangulia kukuombea.

Sitaeleza siku ya kibali. Nilikuwa na mafua,
nikasoma barua mara mbili nikitafuta kosa.

Uwanja wa ndege, saa kumi na moja alfajiri.
Amevaa koti la mtu mwingine na kadi shingoni
yenye jina lake, namba yake, na neno: peke yake.
Begi lote ni suruali ile na daftari la Kigiriki.
Utaifanyia nini?
"Namrudishia. Apime."
Akapita mlango wa vioo. Hakugeuka,
na mimi nilikuwa nimejiandaa kupunga mkono,
basi nikakuna kichwa.

Lifti bado mbovu.
Juu ya kipasha joto imebaki soksi moja, imekauka, imekakamaa.
Kuna mafaili mengine kumi na saba, lakini kwanza natafuta bahasha.
Naandika mtaa, naandika Bremen,
naandika Mahgul,
na nikifika jina la baba yake kalamu inasita.
Nikaandika kwa U, wanavyotaka wao.
Halafu, kwa ukaidi wangu tu,
nikachora O pembeni yake, kubwa,
mviringo kama mdomo wa mtu anayeita.